Maswali Yenu: Mkesha wa Jirani

Swali: Jambo, Baba. Mimi ni muuguzi, ninakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Lupango letu, yaani kiwanja chetu cha nyumba, limepakana na kanisa la mabati. Kila Jumanne na Ijumaa wanakesha: bafle (spika kubwa) mbili, jenerata na ngoma, mpaka saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na mbili mimi natoka kwenda kazini. Nilipomfuata pasta akasema katiba imewapa haki ya kuabudu, hata Rais hawezi kuwazuia. Je, naweza kuomba kanisa lifungwe?

Jibu: Jambo sana, Mama, na pole. Pasta wako katiba ameisoma, ila ameishia pale palipompendeza. Kifungu cha 22 cha katiba yetu ya Kongo ya 2006 kinampa kila mtu haki ya kuabudu, peke yake au na wenzake, hadharani au faraghani. Sentensi hiyohiyo inaendelea: mradi aheshimu sheria, utulivu wa umma, maadili mema na haki za wengine. "Wengine" hao, Mama, ni wewe.

Ya Rais ina ukweli kidogo. Kifungu cha 61 kinakataza kugusa uhuru wa dhamiri na dini hata katika hali ya dharura. Lakini korona ilipoingia, makanisa yalifungwa Machi 2020, yakaja kufunguliwa Agosti. Hakuna aliyekatazwa kuamini, tulikatazwa kusongamana. Mimi nilisali sebuleni na wajukuu, na yule mdogo akataka sadaka iwe yake.

Sasa wewe nawe usizidishe. Mguu haukatwi kwa ajili ya mwiba. Kinachokuumiza ni sauti na saa, si sala. Basi omba hayo tu: bafle zigeuzwe, zizimwe saa nne usiku, wanaotaka kukesha waimbe kwa midomo yao. Nenda kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wenu, pamoja na majirani wawili watatu, mkiwa na karatasi yenye tarehe na saa za kila mkesha. Bila karatasi hiyo atawajibu "tutaona", na hamtaona kitu. Akishindwa, pandeni kwa burugumesta, mkuu wa komini, yaani wa sehemu nzima ya mji.

Nami sina usafi wa kukuhubiria. Mwanangu alipooa, kwetu komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, muziki ulilia usiku kucha. Saa nane akaingia mama jirani, kitenge kifuani na kandambili miguuni. Hakusema neno. Akachomoa waya ukutani, akarudi kulala.