Mabegi manane, watoto watatu, tiketi mbili

SWALI: Mume wangu ametangulia kazini nje ya nchi, nami namfuata na watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 9, wa pili miaka 5, na mdogo atatimiza miaka miwili siku sita baada ya safari, hivyo nimemkatia tiketi ya kupakatwa. Tiketi ni mbili tofauti: shirika kubwa litatufikisha kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, na kutoka hapo tutapanda shirika la bei nafuu hadi tunakohamia. Katikati kuna saa tatu na dakika kumi. Tiketi ya kwanza imeandikwa 2PC (mabegi mawili kila mtu) kwangu na kwa wakubwa wawili, ya pili 20K. Nina mabegi manane yenye jumla ya kilo 178. Mawili yana kilo 29 kila moja, yaliyobaki ni kilo 20. Je, uzito wetu unaweza kuhesabiwa kwa pamoja ili nisitozwe? Na mabegi yatapitiliza hadi mwisho? Kigari cha mtoto je?

JIBU: Dada, nilifanya kazi kaunta ya mizigo kwa miaka mingi kabla ya kuhamia upande wa tiketi, na barua kama yako huwa naisoma kuanzia chini. Kilo nitazifikia, na zinatatulika. Kinachonitia wasiwasi ni hizo tiketi mbili.

Mabegi yako hayatapitiliza. Ili begi lipite kutoka ndege ya shirika moja hadi ya shirika lingine bila wewe kuligusa, mashirika hayo lazima yawe na mkataba wa kupokezana mizigo, na mengi ya bei nafuu hayana mkataba huo na mtu yeyote. Hata panapokuwa na mkataba, mashirika kadhaa makubwa siku hizi hukataa kuunganisha mizigo ya tiketi mbili tofauti. Kwa mashirika hayo, wewe ni abiria wawili: mmoja anamaliza safari pale uwanjani, mwingine anaanza safari papo hapo. Hakuna anayemjua mwenzake.

Sasa itembee hiyo safari kichwani. Ndege inatua. Unapita uhamiaji na watoto watatu, maana mkanda wa mizigo uko upande wa pili wa maafisa. Je, wote wanne mnaruhusiwa kuingia nchi hiyo? Kama pasipoti zenu zinahitaji viza, basi kila mmoja anahitaji yake, hata huyo wa kupakatwa, na shirika la kwanza linaweza kukukatalia kupanda tangu unakotoka. Tuseme mnaruhusiwa. Unasubiri mabegi manane. Toroli moja hubeba matatu, manne ukiyapanga kwa ustadi. Kwa hiyo ni toroli mbili au tatu, msukumaji mmoja, na mtoto mmoja mgongoni. Unapita forodha, unapanda ukumbi wa kuondokea, unapanga foleni upya. Kaunta za mashirika ya bei nafuu hufungwa kati ya dakika 40 na 60 kabla ya ndege kuondoka, na zikifungwa zimefungwa. Saa zako tatu na dakika kumi zimebaki saa mbili na kidogo, na hapo ndege ya kwanza haijachelewa hata dakika moja. Ikichelewa ukaikosa ya pili, shirika la pili halidaiwi hata pole: tiketi yako ndiyo imekwisha.

Halafu ndipo inapokuja mizani. 20K maana yake kila mwenye kiti ana kilo 20, na mashirika mengi ya bei nafuu hayampi mtoto wa kupakatwa kilo yoyote ya begi la kupakia. Mko watatu wenye viti: kilo 60. Unazo 178. Hizo 118 zilizozidi zitatozwa kwa kilo, kwa bei ya kaunta, ambayo karibu kila mara iko juu kuliko bei ya kulipia mapema mtandaoni. Nimeona watu wakifungua mabegi sakafuni na kuacha nusu ya maisha yao kando ya pipa la taka, watoto wakitazama. Tiketi ya bei nafuu ni ya mtu mwenye mkoba mmoja, si ya anayehama.

Ningekuwa wewe, ningepiga simu shirika la kwanza leo na kuuliza: mnaweza kunirefushia tiketi hii hadi ninakohamia, kwa ndege yenu au ya mshirika wenu, iwe tiketi moja? Andika gharama hiyo. Kisha ingia mtandaoni utafute shirika la pili linatoza nini kwa kilo 118 ukilipa mapema. Linganisha. Tiketi ya pili huenda hairudishiwi pesa, na inauma kuitupa, lakini mara kadhaa nimemfanyia mtu hesabu hiyo na akaona kuitupa ndiko kulikokuwa nafuu. Kama unahamia kwa viza ya ukaazi, uliza pia ofisi ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, ambalo lina mikataba na mashirika ya ndege kwa ajili ya wahamiaji. Nauli zake kwa kawaida ni za kwenda tu na mara nyingi huja na nafasi zaidi ya mizigo.

Faida ya tiketi moja haiishii kwenye begi. Ukichelewa kwa sababu ya ndege yao, ni juu yao kukutafutia ndege nyingine. Na kanuni moja ya mizigo huongoza safari nzima, hata ukipanda ndege za mashirika mawili. Angalia tu ile safu ya mizigo kwenye tiketi yenyewe: iseme 2PC kwenye kila kipande cha safari. Kikiwepo kipande kinachosema tofauti, uliza kabla ya kulipa.

Tahadhari moja: Marekani hata mwenye tiketi moja kwa kawaida huchukua mabegi yake kwenye uwanja wa kwanza anaoingilia nchini, hupita nayo forodha, kisha huyakabidhi tena kwa ndege inayofuata. Hakuna kupita Marekani bila kuingia Marekani, kwa hiyo anayehitaji viza huihitaji hata kama anapita tu. Uingereza na nchi za Schengen (nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja) nazo zina orodha za uraia ambao huhitaji viza ya kupitia uwanjani, hata bila kutoka nje. Kama njia mpya inapitia huko, hakikisha kabla ya kulipa.

Tuje kwenye kilo. Jibu la swali lako ni ndiyo na hapana, kwa sababu kuna mifumo miwili. K ni kilo: humo familia iliyo kwenye buking moja kwa kawaida huhesabiwa pamoja. PC ni idadi ya mabegi: humo mnaweza kugawana mabegi lakini hamwezi kugawana uzito. Begi la kilo 29 ni zito kupita kiasi hata kama yale mengine yote ni matupu. Kwenye daraja la kawaida kikomo huwa kilo 23, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Likizidi 23 hadi kufika 32 unalipa faini ya uzito. Kupita 32 begi halipokelewi kabisa, ulipe usilipe, kwa ajili ya migongo ya wanaopakia.

Habari njema ni kwamba kilo zako 178 ukizigawa kwa manane ni 22 na robo. Toa kilo sita na nusu kutoka kila begi la 29 uzitawanye kwenye yale ya 20, na hakuna hata moja litakalozidi. Nunua mizani ndogo ya kuning'iniza, pima begi likiwa limefungwa tayari, na ujiachie nusu kilo, kwa kuwa mizani ya nyumbani na ya uwanjani hazipatani. Mabegi sita yako ndani ya tiketi. La saba huenda likawa la mdogo, maana mashirika makubwa mengi humpa mtoto wa kupakatwa begi moja, mengine kilo 10 tu. La nane lilipie mapema.

Au mnunulie mdogo kiti. Najua wengi hawaifikirii njia hii. Mtoto wa kupakatwa hulipa kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Mwenye kiti mara nyingi hulipa kama asilimia 75, na baadhi ya mashirika hutoza nauli kamili. Lakini mwenye kiti huja na 2PC zake, na hapo mabegi manane yanakuwa yote halali. Toa bei ya mabegi ya ziada kwenye bei ya kiti uone tofauti iliyobaki. Kuna na sababu ya pili: umri huangaliwa siku ya ndege, nawe una siku sita tu. Safari ikisogezwa wiki moja kwa sababu ya viza au ugonjwa, ile tiketi ya kupakatwa haifai tena, na utatafuta kiti kwa bei ya dakika za mwisho. Sababu ya tatu ni mapaja yako. Mtoto wa karibu miaka miwili kwa saa nyingi za angani si mzigo mwepesi.

Vitu gani viende kwenye ndege na vipi kwa kago? Hapa watu hukosea kinyumenyume. Kago ya ndege hutozwa kwa uzito au kwa ukubwa, kipi kimezidi. Hesabu ya kawaida ni sentimita za ujazo 6,000 kwa kilo moja, hivyo boksi la 60 kwa 50 kwa 40 linahesabiwa kilo 20 hata likiwa na mito mitupu. Begi la ndege halina hesabu hiyo. Kwa hiyo vitabu, sufuria na zana ndogo nzito ziende kago; mablanketi, masweta na midoli ya watoto yajaze mabegi. Forodha nayo hupenda vitu vilivyotumika: Umoja wa Ulaya husamehe ushuru kwa anayehamisha makazi akitokea nje yake ikiwa ameishi huko angalau miezi 12, vitu amevitumia angalau miezi 6, na vinaingia ndani ya miezi 12 tangu ahamie. Marekani husamehe vyombo vya nyumbani vilivyotumika mwaka mmoja au zaidi. Tengeneza orodha ya kila boksi, na usifungashe kitu kilicho bado kwenye karatasi yake ya dukani.

Kigari. Mashirika makubwa mengi hukibeba bure, na unaweza kukisukuma hadi mlangoni mwa ndege. Wengi hawaulizi kitarudishwa wapi. Mhudumu akikibandika lebo ya mwisho wa safari, hutakiona tena hadi huko, na saa zote za kubadilisha ndege utambeba mtoto. Sema waziwazi unataka ukipokee mlangoni mwa ndege kwenye uwanja wa kati. Viwanja vingine havifanyi hivyo hata ukisema, basi beba na mbeleko. Kiti cha gari kwa kawaida nacho hakilipiwi. Ukitaka akikalie ndani ya ndege lazima kiwe na kibandiko cha kuidhinishwa kwa ndege.

Mkobani weka ambavyo hutaki kuvikosa siku mbili: pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, rekodi za chanjo na za shule, dawa, nguo za kubadili za kila mtoto na zako mwenyewe (kinamama hujisahau, na anayetapikiwa ni mama). Kwa kuwa baba hayupo, pata barua yake ya ridhaa iliyothibitishwa na wakili. Afisa anaweza asiiulize, akiuliza usiwe huna. Maziwa na chakula cha mtoto huruhusiwa kupita kikomo cha mililita 100, kwa kiasi cha safari, ila yatoe uyaonyeshe. Pawabenki ikae mkobani, kamwe isiingie begi la kupakia. Kikomo bila kibali ni wati-saa 100. Ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74, iko sawa. Mkoba ukichukuliwa mlangoni kwa sababu ndege imejaa, itoe kwanza.

Siku ya kuondoka, soma lebo ya kila begi kabla halijaondoka kwenye mkanda. Zile herufi tatu kubwa zinapaswa kuwa za uwanja wa mwisho wa tiketi hiyo, kwenye manane yote. Nimeshuhudia saba zikiwa sahihi na moja ikiwa ya mji mwingine. Vile vipande vidogo vya lebo vipige picha, na nguo za kila mtoto zitawanye kwenye mabegi mawili, ili begi moja likipotea asibaki mtu hana kitu.

Likikosekana, jaza ripoti kabla hujatoka ukumbi wa mizigo. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, begi lililoharibika hudaiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipolipokea, na ambalo halijafika baada ya siku 21 unaweza kulidai kama lililopotea. Kikomo cha fidia tangu Desemba 2024 ni SDR 1,519 (kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa) kwa abiria, takriban dola 2,000 za Marekani; chenye thamani zaidi kiende mkobani au kitangazwe kaunta kwa malipo ya ziada. Na kwenye lebo za mabegi na kwenye ripoti andika anwani na simu ya mume wako huko aliko, kwa sababu laini yako siku hiyo inaweza isishike, na mpeleka begi hupiga simu kabla ya kuja.