Si Kila Jicho Jekundu Limeingiwa na Vumbi

Sisi tuliokulia Dodoma tumezoea kuamini kwamba ugonjwa wa macho hutoka nje: upepo wa kiangazi huleta vumbi, na nzi hueneza trakoma, iliyowatesa watu wa Kongwa kwa miaka mingi. Kwa mazoea hayo, baba yangu, mgonjwa wa kisukari aliyelazwa kwa maambukizi yaliyoingia kwenye damu kutoka kidonda cha mguu, aliponiambia, "Mwanangu, naona kama nzi weusi wanapita kwenye jicho hili," nilimjibu kwamba ni vumbi la dirishani, nikaenda duka la dawa kumnunulia matone. Homa ilikuwa inashuka, nami nikaliona jicho kuwa jambo dogo. Zilipita siku mbili kabla sijamweleza daktari, na siku hizo bado zinaniuma.

Daktari bingwa wa macho alimtia dawa ya kupanua mboni, akachungulia, ndipo tukajua kwamba vijidudu vilikuwa vimesafiri na damu hadi ndani ya jicho. Bakteria au fangasi wakishavuka kutoka kwenye mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho, huzaliana katika ute mzito unaolijaza, mahali ambapo matone hayafiki vya kutosha. Kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa kwa mshipa, mara nyingi pamoja na sindano ndani ya jicho lenyewe, na wengine hufanyiwa upasuaji wa kuutoa ute huo. Jicho la baba lilibaki na uoni hafifu. La pili lilisalimika.

Ukimuuguza mtu mwenye maambukizi ya damu, hasa akiwa na kisukari, jipu la ini, kinga dhaifu, au mpira uliokaa muda mrefu kwenye mshipa mkubwa, muulize kila asubuhi anaonaje, ukimfunika jicho moja moja, kwa kuwa jicho zima huficha ubovu wa mwenzake. Usingoje maumivu, maana fangasi huweza kuanza bila maumivu wala wekundu. Asiyeweza kusema, kama aliye kwenye mashine ya kupumulia, mtazame kope zilizovimba, wekundu, au weupe mbele ya mboni, umwite muuguzi papo hapo. Ikiwa hapo hakuna daktari wa macho, omba rufaa siku hiyo hiyo, na umtajie daktari siku na saa mgonjwa alipoanza kuona ukungu.