Mistari kwenye vikoi: ni kosa la mtande au la mshindio?

SWALI

Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo Ngamiani, hapa Tanga, yenye vitanda vitatu vya kufumia kwa mikono. Tunafuma vikoi na shali za pamba. Mteja wetu wa Unguja amerudisha vikoi 11 kati ya 40 tulivyompelekea. Vingi vina mistari iliyokingama, huku pamebana, huku pamelegea. Vilivyotoka kitanda kimoja vina mstari mwembamba ulionyooka tangu matamvua ya mwanzo hadi ya mwisho. Wafumaji wangu ni wazoefu. Nifanyeje nizione kasoro hizi nguo ikiwa bado kitandani, na zisitokee tena?

JIBU

Marahaba, binti yangu. Pole kwa hasara, maana 11 kati ya 40 ni zaidi ya robo ya kazi yako. Kabla hujamsema mfumaji yeyote, tandaza kikoi kimoja mezani uangalie kasoro imelala upande gani. Ikifuata urefu wa nguo, chanzo kiko kwenye mtande, yaani nyuzi za urefu zilizokazwa kitandani, au kwenye kitu ambacho mtande unapita ndani yake. Ikikingama, chanzo ni mshindio, yaani uzi unaopitishwa kwa kukingama, au ni mkazo wa mtande uliobadilika wakati mshindio unagongwa. Wewe una zote mbili, kwa hiyo una magonjwa mawili tofauti.

Nianze na mistari iliyokingama, ndiyo iliyokula vikoi vingi. Chukua rula na lenzi ya kuhesabia nyuzi. Huna lenzi, kata kadi yenye tundu la sentimita 2 kwa 2 uhesabu kwa ncha ya sindano. Hesabu nyuzi za mshindio ndani ya mstari, kisha hesabu sentimita chache nje yake. Idadi ikiwa sawa lakini rangi au unene unatofautiana, tatizo ni uzi: umechanganya mafungu mawili ya rangi, yaani nyuzi zilizotiwa rangi mara mbili tofauti, au bobini moja ina uzi mnene kidogo. Uzi wa duka lile lile si lazima uwe wa fungu lile lile. Idadi ikitofautiana, tuseme 18 nje na 22 ndani, uzi hauna kosa. Hapo ni mkazo au mkono.

Sasa pima umbali kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Ukiikuta kila baada ya sentimita 8 au 10, karibu sawasawa, mwangalie mfumaji anaposogeza nguo mbele. Analegeza gogo la mtande, anazungusha gogo la nguo, anakaza tena, na kila akikaza mkazo unatoka tofauti na ule wa kwanza. Dawa yake ni kusogeza kidogo kidogo na mara nyingi, kisha kubonyeza mtande kwa kiganja kabla ya kupiga. Kiganja kilichozoea kinatambua tofauti ambayo jicho halioni. Wenye mitambo ya umeme nao watumie rula hiyo hiyo: doa la mafuta likijirudia kila baada ya sentimita 31 hivi, tafuta rola yenye kipenyo cha sentimita 10, kwa sababu mzunguko wake ndio huo.

Mistari yako ikiwa haina mpangilio wa umbali, waulize wafumaji wanakwenda kula saa ngapi. Sisemi hivi kuwatuhumu. Kitanda kikiachwa kimekazwa saa nzima, nyuzi za pamba hunyooka na kulegea zenyewe, na mdomo wa nguo, pale mshindio wa mwisho ulipogongewa, husogea kidogo. Mfumaji akirudi na kupiga kwa nguvu yake ile ile, nyuzi za kwanza ama zitabanana ama zitaachana. Milimita moja inatosha kuonekana kwenye kikoi cha rangi moja.

Nilipokuwa kijana karakanani, mzee aliyenifundisha alikuwa na kijiti cha mianzi, urefu wa kidole cha shahada, kimefungwa kwa kamba pembeni mwa kitanda. Kabla ya kuondoka alivuta kitana, lile chanuo ambalo nyuzi za mtande hupita kati ya meno yake na ndilo linalogonga mshindio, mpaka mahali pake pa siku zote, akaweka kijiti kati ya kitana na mdomo wa nguo, akakipiga alama kwa kisu. Kisha akalegeza mtande. Akirudi alikaza polepole mpaka alama ikakaa pale pale, ndipo akapiga. Nimeona vifaa vingi tangu siku hizo, lakini kwa kitanda cha mkono sijaona kinachokishinda kijiti kile. Kila kitanda chako kipate cha kwake, na mtande ulegezwe kila mfumaji anapoondoka kwa zaidi ya dakika chache. Na kama mnapokezana, kikoi kimoja kimalizwe na mkono mmoja, kwa sababu watu wawili hawagongi sawa hata wakiwa ndugu.

Ule mstari wa urefu ni rahisi zaidi kuukamata. Mulika nguo kwa taa kutoka nyuma. Ukiona uwazi, kuna uzi wa mtande uliokatika bila kuungwa au jino la kitana lililorukwa. Ukiona mstari mnene, nyuzi zaidi ya idadi yake zimepita jino moja. Lakini kwa kuwa wako unatokea kwenye kitanda kimoja, kikoi baada ya kikoi, mimi nakishuku kitana chenyewe. Pitisha ukucha taratibu juu ya meno yake. Jino lililopinda utalisikia likikwama. Ukibadilisha mtande na mstari ukatokea pale pale, huna haja ya kutafuta tena.

Hapa Tanga tuna adui wa ziada. Upepo wa bahari una chumvi, na kitana cha chuma kisicho cha pua hushika kutu upesi, hasa masika kitanda kinapokaa bila kazi. Kutu husugua nyuzi mpaka zinatoa manyoya na kukatika, na huacha doa la rangi ya chai ambalo sabuni ya kawaida haiondoi. Safisha kwa msasa laini kufuata urefu wa jino, futa kwa kitambaa kikavu, kisha fuma shubiri moja ya uzi wa kutupa kabla ya kuanza kikoi. Kitanda kisipofanya kazi, kifunike.

Hali ya hewa pia inaingia kwenye uzi. Pamba ikipata unyevu huongezeka nguvu. Ndiyo maana viwanda vya kufuma hulinda unyevu ndani ya ukumbi. Mchana wa kaskazi, chini ya bati, hewa ya ndani hupata joto na kukauka, na utaona nyuzi zinakatika zaidi kuliko asubuhi. Mwagia sakafu maji, usimwagie mtande. Masika geuza hesabu: mtande uliopakwa wanga wa muhogo ukikaa na unyevu hunata na kuota ukungu, kwa hiyo paka wa siku chache tu. Rayoni, uzi wa kiwandani unaotokana na mbao, ni kinyume kabisa, ikilowana hupungua nguvu.

Mwaka 1896 Sakichi Toyoda wa Japani alitengeneza mtambo uliosimama wenyewe uzi wa mshindio ulipokatika. Mitambo ya leo ina pia kisahani chepesi cha chuma juu ya kila uzi wa mtande. Uzi ukikatika kinaanguka na mtambo unasimama. Vitanda vyako havina kitu hicho, hivyo kazi hiyo ni ya mfumaji. Kila baada ya shubiri moja asimame, atazame mdomo wa nguo kwa ubavu mwanga ukitoka dirishani, na apitishe kiganja chini ya nguo, ambako uzi ulioruka huning'inia. Akiona kasoro, afunge uzi mwekundu pembeni mahali hapo na kuandika saa kwenye daftari. Baada ya wiki mbili daftari litakuonyesha ni kitanda gani na saa ngapi.

Kwa ukaguzi wa mwisho, viwanda vingi hutumia mfumo wa pointi nne, ambapo kila kasoro hupewa pointi za kosa. Kasoro isiyozidi inchi 3 ni pointi 1, hadi inchi 6 ni 2, hadi 9 ni 3, na zaidi ya hapo ni 4. Kikomo kinachotumika sana ni pointi 40 kwa yadi 100 za mraba. Kubaliana na mteja wako wa Unguja kikomo chenu kabla hujapeleka mzigo mwingine.

Vile vikoi 11 usivitupe vyote. Palipokosekana uzi mmoja wa mtande panashoneka: chukua uzi wa fungu lile lile na sindano butu, ufuate njia ya uzi wa jirani aliye na mpangilio ule ule, juu ya mmoja, chini ya mmoja, bila kuvuta. Ukimaliza kifue kikoi, nyuzi zikae. Vilivyobana kwa kukingama havitengenezeki. Vikate viwe vitambaa vya meza, mstari uangukie kwenye pindo.