Pampu ya mafuta: majibu ya maswali yenu manne

Leo ni gari za petroli zenye injekta tu, wenye dizeli ngojeni zamu yenu.

Nikifungua swichi kabla ya kupiga stata nasikia mlio kule nyuma kama sekunde mbili halafu kimya. Pampu inakufa? (Mbale)

Haifi, ndo kazi yake. Kompyuta ya injini inawasha rilei (swichi ndogo inayopeleka umeme kwa pampu) kidogo ili presha ijae kwenye bomba, ikiona injini haizunguki inakata. Ukipiga stata, sensa ya krenki inaiambia kompyuta injini imeanza kuzunguka, basi pampu inarudi kazini. Kuna magari hayatoi huo mlio wa kwanza kabisa, kwa hiyo ukiukosa usikimbilie kulia.

Gari ilizimika kwenye jam Wandegeya, stata inazungusha vizuri lakini haiwaki. Fundi anasema ni pampu, niende soko la spea la Kisekka? (Kampala)

Ssebo (bwana), shika pesa yako kwanza! Huyo fundi amepima au amekisia? Pampu haijiwashi yenyewe, inasubiri fyuzi, rilei, waya na ruhusa ya kompyuta, na kimoja tu kikigoma pampu isiyo na ubaya wowote itakaa kimya kama imekufa. Aanze na fyuzi, halafu abadilishe rilei na nyingine ya aina ileile, mara nyingi ya honi inafanana. Bado? Achomoe soketi ya pampu, aweke taa ya kupimia kwenye zile waya mbili za umeme (zingine ni za geji, asizichanganye), mtu mwingine apige stata. Taa ikiwaka vizuri na pampu haizunguki, hapo sawa, nenda kanunue. Isipowaka shida iko huku mbele, kabla umeme haujafika kwa pampu, na kama plagi nazo hazitoi moto mimi namshuku sensa ya krenki, maana hiyo ikichoka hupenda kugoma injini ikiwa moto, ikipoa inakubali, mnafika nyumbani mnasema imepona, kesho inawaacha tena njiani.

Naweka mafuta ya elfu kumi kumi, taa ya geji haizimiki. Kuna ubaya? (Jinja)

Upo. Pampu imekaa ndani ya tenki na inapozwa na hayohayo mafuta. Yakiwa chini sana inavuta hewa na kupata joto, inachakaa mapema. Jitahidi robo tenki ibaki.

Kupanda Kabale inakosa nguvu, barabara tambarare haina neno. Jamaa anataka kuunga pampu moja kwa moja kwa betri. (Mbarara)

Mlimani injini inadai mafuta mengi. Kwenye magari mengine kompyuta inabadilisha mwendo wa pampu kwa kukata na kurudisha umeme harakaharaka sana, mengine yana rezista ya kupunguza umeme tu. Mpime presha gari ikiwa na mzigo, sio ikiwa imesimama inanguruma: nyingi za injekta za kawaida ziko kama bar 3 hadi 4. Ikishuka, angalia filta kwanza, halafu umeme unaofika kwa pampu, pampu yenyewe iwe ya mwisho. Kuhusu huyo jamaa, mwambie hapana. Ukiunga hivyo, siku ya ajali injini ikizima pampu itaendelea kusukuma petroli hata kama bomba limepasuka, maana umeshamtoa kompyuta ambaye angeikata.