Usinunue Mota Mpya Kabla Hujapima Joto la Hii Uliyonayo

Wiki hii kijana mmoja wa Morogoro ameniandikia. Ndege yake ya mfano inapaa vizuri, lakini dakika chache baadaye inaanza kuchoka angani, na akitua mota haishikiki kwa moto. Alibadilisha betri, hali ikabaki ileile. Muuzaji kamwambia mota ni kimeo, anunue kubwa zaidi.

Maneno hayohayo niliwahi kuambiwa mimi Dar es Salaam, mbele ya wateja wengine. Nilipomweleza muuzaji kwamba tatizo ni joto la koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya mota, alicheka akasema hizo ni hesabu za darasani. Nilirudi kwake baadaye na daftari la vipimo, hakutaka hata kulifungua. Mpaka leo inaniuma, maana vijana wengi wanaopenda kuunda vitu wanakata tamaa kwa majibu ya namna hiyo, na hela zao zinaishia dukani.

Nawaeleza nilichopima. Koili za mota hizi ni waya wa shaba, na shaba ikipata joto ukinzani wake, yaani inavyozuia umeme kupita, hupanda. Kila nyuzijoto 1 inaongeza karibu asilimia 0.39. Ukitoka nyuzijoto 20 hadi 100, ukinzani umepanda kwa asilimia 31. Chukua koili yenye ukinzani wa miliomu 50 (miliomu ni sehemu ya elfu ya omu) ikiwa baridi, ipitishe ampia 30: wati 45 zinageuka joto tupu. Koili hiyohiyo ikifika nyuzijoto 100, kwa ampia zilezile, unapoteza wati 59. Joto linazaa ukinzani, ukinzani unazaa joto zaidi. Propela inapata nguvu pungufu, mizunguko inashuka, na rubani asiyejua anaongeza nguvu kwenye rimoti. Hapo ndipo anapoiunguza mota.

Wengi wanapima kwa kushika mota au kwa kile kipimajoto cha bastola. Mota zetu nyingi ni zile ambazo ganda la nje ndilo linalozunguka pamoja na sumaku, na koili zimekaa ndani. Unapima ganda, wakati moto uko kwenye shaba. Mimi niliiacha koili yenyewe iseme. Nilichomoa nyaya tatu za mota kutoka kwenye kidhibiti chake cha kasi, nikachagua mbili, nikapitisha ampia 2 kutoka kwenye chanzo cha umeme cha mezani, kisha nikapima volti palepale nyaya zinapoingia kwenye mota. Mita ya kawaida ukiiweka kwenye omu haikufai hapa, kwa sababu ukinzani wa nyaya za mita yenyewe unaweza kuzidi wa koili. Asubuhi, mota ikiwa na nyuzijoto 30 sawa na chumba, nilipata milivolti 120, yaani miliomu 60. Mara tu baada ya kuruka, kabla haijapoa, nyaya zilezile zilinipa milivolti 150, yaani miliomu 75.

Hesabu ya shaba ni fupi: gawa ukinzani wa moto kwa wa baridi, zidisha kwa jumla ya 234.5 na joto la mwanzo, kisha toa 234.5. Yangu ilitoka nyuzijoto 96. Ganda la nje wakati huo lilikuwa linasoma kama 60. Nilifurahi siku hiyo kuliko siku ndege iliporuka mara ya kwanza.

Sikununua mota. Nilitoa propela ya inchi 10 nikafunga ya inchi 9, hatua ileile, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Kwa mizunguko ileile, mzigo unashuka kwa karibu theluthi moja. Nikakata tundu la kuingiza hewa mbele na jingine kubwa zaidi nyuma, kwa sababu hewa ya moto isipopata pa kutokea, ile baridi haiingii. Ndege imeacha kuchoka, hata kwa jua la Januari. Waliosema siwezi wanaiona ikiruka.

Kwa hiyo, ndugu zangu, pimeni. Msikubali kuambiwa kitu kimekufa na mtu ambaye hakukigusa. Pima mota ikiwa mpya, andika namba, pima tena ikiwa ya moto. Anayeandika namba zake hadanganywi kirahisi.

Kuna jambo moja joto likishalifanya halirudi, nalo ni kuharibu sumaku. Sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida zinaandikiwa mwisho wa nyuzijoto 80, na zikipita hapo zinaweza kupoteza nguvu moja kwa moja. Mota ya namna hiyo, ikiwa tupu bila propela, inazunguka kwa kasi zaidi kuliko zamani, na wengi wanadhani imeimarika. Ukiifunga mzigo ndipo inakula ampia nyingi kwa kazi ileile. Basi siku unayoinunua, toa propela, soma mizunguko yake kwa volti unazozijua, uandike. Baada ya msimu iache ipoe kabisa, rudia kwa volti zilezile. Mizunguko ikiwa imepanda waziwazi, sumaku zimeisha nguvu, na hapo kweli nenda kanunue mota.