Yaya Anajibu: Kunenepa kwangu ni kosa ya nani?

Jambo Yaya. Niko mama wa miaka 43, naikala Kampemba, huku Lubumbashi, natumika mu biro, asubuyi mpaka saa kumi niko paka mu kiti. Docta alinipima: kilo 98, urefu meta 1,62, tansio nayo iko juu, akasema nipunguze. Sasa ku nyumba kuko vita. Shemeki yangu anaikalaka na siye, anasema mutu ananenepa juu ya bulafi na buvivu, "nani anakufungua kinywa?" Binti yangu wa universite anasema hapana, ni bafabrike na bei ya bintu njo binatunenepesha, mutu pekee hana kosa. Banabishana pa meza mpaka bukari inapoa. Nani anasema kweli? Tena nilishapunguza kilo 4, majirani bakaanza kuuliza kama niko mugonjwa, nikaacha. – Mama wa Kampemba

Mama, unisamehe, mbele ya kujibu nilicheka kidogo. Barua yako inasema banabishana pa meza lakini haisemi nani alipika ile bukari, na minawaza ni weye, ukitoka ku kazi na tansio yako. Hao bawili beko na teori, weye uko na mwiko.

Docta hakukosea, hapo tusidanganyane: gawanya 98 na 1,62, halafu gawanya tena na 1,62, inatoka 37, na kuanzia 30 njo banaita obezite, ni kusema kunenepa kupita kipimo.

Tuanze na shemeki. Muulize nani alichagua kama Lubumbashi itakula bukari ya mahindi muchana na mangaribi. Bazee betu balitoka mbali kuya kutumika Union Minière, kampuni ya mine, bengine ku kwabo balikuwa banakula muhogo ao mutama, kampuni ikabapa posho, unga ya mahindi ndani, juu mutu wa mine anapashwa kuwa na nguvu. Ile bukari ya kujaza sahani ilikuwa ya mutu anayebeba majiwe siku muzima. Kisha Gécamines, kampuni yenye ilikamata nafasi yake, nayo ikagawa unga. Leo unga mingi inatoka Zambia inapita ku mupaka ya Kasumbalesa, weye uko pa kompyuta, lakini kipimo kilibakia kile cha bazee.

Na ile ya majirani, pale njo nilikasirika. Huku kwetu mutu akikuambia "umenenepa!" anakusifu, maana yake bwana anakuchunga muzuri. Ukipunguka, basi: iko na sida (ukimwi), ao bwana alipata mwingine. Ulitoa kilo 4 na mutaa muzima ukakurudisha nyuma, halafu shemeki anaita ile buvivu?

Kuko ingine. Mwaka 2019, kule Marekani, mutafiti Kevin Hall na benzake balitangaza kazi balifanya na bantu 20 benye balikubali kufungiwa mu hospitali karibu mwezi muzima. Wiki mbili banakula chakula ya fabrike, wiki mbili chakula ya kupika kawaida, sukari, mafuta na chumvi balipanga bikuwe sawasawa, kila mutu anakula mpaka ashibe. Ku ile ya fabrike balikula kalori karibu 500 zaidi kila siku, na bakaongeza karibu kilo moja, ku ingine bakapunguza karibu vile vile. Bantu ni bale bale. Bulafi yabo ilienda wapi mu zile wiki zingine mbili?

Lakini binti naye asisherekee. Ni kweli serikali inaweza, Mexico baliweka takse ya peso moja pa litre ya sukre (soda) kuanzia 2014 na bantu bakapunguza kununua. Sasa tuikale tungojee takse? Sukre moja ya santilitre 33 inaweza kuwa na gramu 35 ya sukari, ni bijiko 7 ao 8 bidogo, na Shirika la Afya Duniani linasema heri mutu abakie chini ya gramu karibu 25 ku siku. Ile kasha ya sukre inayoingiaka siku ya mungu, nani anaileta? Kwangu mi najua, ni bashemeki na batoto ya universite.

Binti iko karibu na kweli kuliko baba yake mudogo, ile njo jibu yangu. Lakini bote beko banaangalia mwili yako sawa vile banaangalia mupira. Shemeki anapenda neno "responsabilite", mupe yake: kasha asilete tena, na mara tatu ku wiki apike yeye, bukari nusu ya ile ya sasa, sombe na lengalenga bijae, chumvi kidogo juu ya tansio. Binti akutoshe inje: mushuke bisi mbele ya kufika, mutembee dakika 25, siku 6 ku wiki, inafika dakika 150 ku wiki kama Shirika la Afya Duniani linavyoomba. Dawa ya tansio usiache ata ukisikia muzuri. Na ile majani ya kupunguza kilo yenye banauzisha mu soko, mi nilikunywaka, wiki muzima nilikuwa mu choo, kilo zikarudi zote. Majirani bakiuliza, sema docta njo anataka, bataanza kukuomba adresi yake.

Yaya, niko na miaka 22, Katuba. Barafiki banasema ninunue bidonge bya kunenepesha, banauzisha kimoja kimoja, bei ndogo. Ni muzuri?

Hapana. Mingi ni dexamethasone, ao cyproheptadine yenye ni ya alerji, inaleta njaa na usingizi. Ile ya kwanza ni dawa kali, inapandisha sukari mu damu na tansio, inavimbisha uso. Kama unameza kila siku kwa muda murefu, mwili unaacha kutengeneza ormone yake yenye kufanana na ile dawa, halafu ukikata gafula inaweza kukuangusha kabisa. Kwa hiyo kama ulishaanza usikate pekee yako, beba ile paketi uende kwa docta, ata haya ikikushika, balishaona bengi.