Jibu: Chombo kimegoma kupaa, dhoruba haiishi (mchezo wa video No Man's Sky)

Salaam mkuu. Nimekusoma: umetua kwenye sayari ya sumu, chombo chako cha anga hakipai, ukitoka nje dhoruba inakumaliza. Sisi huku Tabata hilo tunakutana nalo sana.

Angalia kwanza mafuta ya kupaa. Kila ukipaa kutoka ardhini, robo ya tangi inakwenda, kwa hiyo ukirukaruka kilima hadi kilima lazima yakauke. Washa skana, tafuta fuwele za buluu zilizochongoka: hiyo ndiyo dihaidrojeni, unaichanganya na bamba la chuma kupata mafuta hayo. Njiani vuna kila mmea wa manjano, ni sodiamu ya kujazia kinga ya suti. Usiupite hata mmoja! Dhoruba ikianza, pangoni au ndani ya chombo.

Baadaye pendelea kutua kwenye viwanja vya vituo. Kupaa pale hakuli mafuta.